Ubavu wa Paa

Kendi alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa chini ya pikapu ya mteja hapa gerejini kwangu Embu, na nilijua ni yeye kabla hajajitambulisha, kwa sababu ana sauti ya mamake, ile sauti isiyo na haraka ya kukuambia jambo baya. Alisema babake, Fundi Mbaabu, ametuacha, mazishi ni Ijumaa, na familia imeketi ikakubaliana kwamba kwa upande wa kazi niongee mimi. "Auntie Wawira, wewe ndiye mwanafunzi wake aliyefika mbali," akasema. "Wale wengine wa gereji ya zamani wote wameshaenda. Dakika tano tu." Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu niliketi juu ya tairi na kujisikia hasira ileile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimchukia yule mzee. Nasema hili mapema ili msomaji asikae akingoja machozi yangu. Nilimchukia mwaka mzima niliofanya kazi chini yake kule Meru, katikati ya miaka ya tisini, na niliendelea kumchukia hata baada ya kumwangusha kwa neno moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sasa nimepewa dakika tano na kipaza sauti, na ilikuwa lazima niamue kama nitalitoa neno hilo au nitarudi nalo nyumbani.

Gereji ya Bwana Gitonga, mwajiri wetu kule Meru, ilipakana na soko la Gakoromone, hivi kwamba asubuhi tulianza kazi kwa kelele za akina mama wanaoshusha kabichi na viazi, na jioni tulifunga tukinusa zile zilizobaki zikioza. Nyuma ya gereji kulikuwa na safu ya vyumba vya mbao ambamo wafanyakazi tulilala. Changu kilikuwa cha mwisho, na ukuta wake wa ndani ulikuwa ndio ukuta wa Mbaabu na mkewe, Mama Kendi. Nilikuwa nimebandika magazeti ili upepo usipite, lakini gazeti halizuii sauti. Nilisikia akikohoa, akivua viatu, akiuliza chumvi iko wapi. Nilisikia pia akinitaja, ingawa hakuwahi kunitaja kwa jina. Kwake nilikuwa "huyu wa Embu." Siku ya kwanza nilimpa cheti changu kutoka chuo cha ufundi kule kwetu Manyatta, ambacho mama alikuwa amekihifadhi ndani ya Biblia ili kisikunjike. Mbaabu alikishika kwa vidole vyake vyenye grisi, akakigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kikiwa na alama ya kidole gumba pale kwenye muhuri. "Hii karatasi inajua kunyoosha mlango?" akauliza. Wanaume wakacheka. Cheti hicho bado ninacho, na alama ile bado ipo.

Chakula cha mchana kilipikwa na Mama Kendi kwa wote, nje, kwenye sufuria moja kubwa iliyokalia mawe matatu. Mara nyingi ilikuwa githeri ya mahindi, maharagwe na viazi, na siku za bahati ilikuwa mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge. Alianza kumpakulia mumewe kutoka juu, penye viazi na mchuzi, kisha wanaume kwa umri wao, na mimi mwisho kabisa, kutoka chini, penye ukoko na mahindi yaliyoungua. Hakufanya kwa ubaya, ndivyo foleni ilivyokuwa. Lakini mtu akila ukoko kila siku kwa miezi minane huanza kuhesabu viazi kwenye sahani za wenzake. Nilikula nimesimama, mgongo ukiegemea ukuta, nikijiambia kwamba kila mmoja wao nitampita. Ndiyo, nilikuwa na kiburi. Nilikuwa pia na mkono mzuri kuliko wote pale isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nioshe vipuri kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

Kitu alichokuwa nacho Mbaabu, ambacho sikukipata chuoni na ambacho nilikidharau kwa sababu sikukiweza, kilikuwa sikio. Gari likiletwa limegongwa, hakuangalia kwanza. Aligonga. Alikunja kidole cha kati, akapita mlangoni na kwenye bodi akigonga kwa kifundo, kichwa amekilaza upande, na alikuambia wapi bati limejazwa simenti ya kuficha kutu, wapi chuma cha ndani kimeachana na bati, wapi ukipiga nyundo litapasuka. Alikuwa pia na sheria moja ambayo alisema aliirithi kwa fundi aliyemfundisha: anayechora hakati, na anayekata hakuchora. Kama kuna kipande cha bati cha kutolewa, mmoja alichora mstari kwa chaki, mwingine akashika msumeno. Mstari ukiwa na kosa, kosa ni la aliyechora, hata kama angekuwa yeye mwenyewe. Mkono ukitoka nje ya mstari, kosa ni la aliyekata. "Hivyo hakuna kutafutana," alisema. Mwaka mzima yeye alichora na mimi nikakata. Hakuniruhusu hata mara moja kushika chaki.

Jioni moja mwezi wa nane Bwana Gitonga alikuja kunywa chai upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeketi kitandani nikichambua maharagwe kwenye sinia, nikasikia akisema kwamba amepata ploti Embu, karibu na stendi, na anataka kufungua gereji ya pili mwaka ukiisha. "Nafikiria kumtuma Wawira," akasema. "Kule ni kwao, wateja watamsikia lugha." Mkono wangu ulisimama juu ya maharagwe. Sikuwa nimewahi kutaka kitu chochote kama nilivyotaka gereji ile, na nilikuwa nimeitaka kwa sekunde tatu tu. Kikombe kikawekwa mezani. "Huyo bado," Mbaabu akasema. "Mkono uko. Sikio hakuna. Ukimpatia gereji sasa atakuharibia jina. Niachie mimi miaka miwili." Mama Kendi akasema kwa sauti ya chini, "Lakini huyo msichana anajua kazi." Mbaabu akajibu, "Anajua kukimbia." Gitonga akamuuliza kama anaitaka Embu mwenyewe, na Mbaabu akacheka, akasema yeye Embu ataenda kufanya nini, aanze kujifunza kusalimia watu upya? Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hakukitaka kile kiti. Alininyima tu.

Leo nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao, na nina vijana wanne chini yangu, na wawili kati yao ningesema kuhusu wao maneno yaleyale, neno kwa neno, bila chuki. Miaka miwili zaidi. Mkono uko, sikio bado. Lakini wakati ule sikusikia hivyo. Nilisikia mzee wa Meru akimfungia mlango mtu wa Embu, mwanamume akimfungia mwanamke, na nilichukua hasira hiyo nikaenda nayo kazini wiki mbili, nikimwamkia "Shikamoo, Fundi" kila asubuhi kwa heshima ambayo haikutoka moyoni.

Ndipo akaja Mzee Baariu wa Laare na stesheni wagoni yake. Baariu alisafirisha miraa, na gari lake lilikuwa limetolewa viti vya nyuma na kuzibwa madirisha ili mabunda yajae mpaka juu. Alishuka na katoni mkononi. "Fundi, hii gari inapika miraa," akamwambia Mbaabu. "Ikifika, bunda za juu zimenyauka, mnunuzi anazitupa mbele yangu. Nataka ipumue." Ndani ya katoni kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona pale: venti ya paa, mpya, imetoka Nairobi. Ilikuwa fremu mbili nyeusi za plastiki, moja ya kukaa juu ya paa na nyingine ya kukaa ndani, zinazobana bati katikati kwa skrubu, na mpira wa kuzuia maji, na kifuniko kinachoinuka upande wa nyuma ili mwendo wa gari uvute joto litoke. Kulikuwa na karatasi yenye michoro. Mbaabu aliikunja akaiweka mfukoni bila kuisoma. "Karatasi inajua nini juu ya bati la huyu mzee?" akasema. Baariu akamwambia afanye haraka, saa saba lazima awe njiani kurudi Laare, wachumaji watakuwa wamemaliza na miraa haingoji mtu.

Paa la gari si bati tupu. Chini yake kuna mbavu za chuma zinazopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndizo zinazolishika lisibonyee. Ukikata tundu, unakata katikati ya ubavu na ubavu. Kwa kawaida ungetoa kitambaa cha ndani uzione kwa macho. Baariu, kama watu wengi wa miraa wakati ule, hakuwa na kitambaa tena. Alikuwa ametandika magunia yaliyoloweshwa maji kwenye paa lote kwa ndani, yakabanwa kwa fito na waya, ili mzigo upate ubaridi. Kuyatoa yote na kuyarudisha kungekula asubuhi nzima. "Wacha gunia," Mbaabu akasema. "Nitasikia juu yake." Akapanda juu ya pipa, akagonga. Mimi nilikuwa nimesimama pale chini, na hata mimi nisiye na sikio nilisikia kwamba paa lilikuwa linajibu sauti moja kila mahali, sauti nzito, iliyolowa. Aligonga tena, akarudi nyuma, akagonga mara ya tatu. Soko lilikuwa limeanza kuchangamka. Kisha akaweka fremu, akachora mraba kwa chaki ya manjano, akatoboa kwa msumari kila pembe, akaniambia niingie ndani nishushe gunia mahali msumeno utapita.

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikalala chali kwenye sakafu iliyonuka majani ya mgomba. Juu yangu, kupitia gunia, niliona mianga minne midogo ya matundu ya msumari. Nililegeza waya, nikaingiza mkono kati ya gunia na bati, nikagusa ubavu. Nilidhani nimekosea. Nikaufuata kwa vidole kutoka upande wa dereva, ukapita kati ya mwanga na mwanga, ukaendelea hadi upande wa pili. Ulikuwa ndani ya mraba kabisa. Nililala pale mkono ukiwa juu ya chuma kile, maji ya gunia yakiteremka mpaka kwapani, na mawazo yaliyonijia sikuyafukuza. Kosa la mstari ni la aliyechora. Nikafikiri zaidi ya hapo, na hili ndilo linalonifanya nisijitetee: nilijua hata namna nitakavyolitengeneza. Vyuma vya pembe, vile tunavyoita angle, pande zote nne za tundu, kisha niunganishe mbavu zilizobaki kwenye fremu hiyo kwa welding, paa lingekuwa imara kuliko mwanzo. Nilikuwa na matengenezo kichwani kabla ya uharibifu. Ndipo Mbaabu akainama juu ya paa akaniita. "Wewe! Huko ndani ni sawa?" Katika miezi yote ile hakuwahi kuniuliza maoni yangu. Alikuwa ameona kwamba gunia limemnyima sikio, akaniomba mkono wangu, kwa namna yake. Nikasema, "Sawa."

Nilipanda juu ya pipa, nikatoboa tundu pembeni kwa drili, nikaingiza blade ya msumeno niliyoifunga kitambaa upande wa kushika, nikaanza. Bati jembamba hulia kwa sauti ya juu. Nilipofika kwenye ubavu sauti ilishuka ikawa nene, blade ikakaza, na mikono yangu ikaongeza nguvu. Nilimwona Mbaabu kwa pembe ya jicho, amesimama kando na kichwa amekilaza vilevile, nikajiambia hasikii kitu kwa kelele za soko. Kipande kilipoanguka ndani kilianguka na ubavu umeng'ang'ania chini yake. Paa likabonyea kidogo mbele yetu, polepole. Baariu alipiga kelele mpaka wauzaji wakaja kwenye lango. Gitonga akatoka ofisini. "Nani alichora?" akauliza. "Ni mimi," Mbaabu akasema. "Na huyu aliyekata?" "Aliyekata amefuata mstari." Hakuniangalia. Nikashuka kutoka kwenye pipa, na mbele yao wote, kwa sauti ya heshima, nikasema, "Boss, hii naweza kuitengeneza."

Niliitengeneza. Saa saba kasorobo gari lilitoka na venti yake imekaa sawasawa, na Baariu, aliyekuwa ametutukana kwa lugha tatu, alinishika mkono. Jioni, Gitonga akamwita Mbaabu. Ofisi ilikuwa na dirisha lililovunjika, kwa hiyo gereji nzima ilisikia. "Mzee, sikio limechoka," akamwambia. Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomaliza kila kitu, kwa sababu kesho yake soko zima lilikuwa linasema sikio la Mbaabu limechoka, kwa sauti ya kumhurumia. Hakuna mwenye gari anayempa gari lake mtu wa kuhurumiwa. Wiki ilipoisha, Mbaabu na mkewe walifunga vyombo. Mama Kendi alibeba ile sufuria kubwa kichwani. Mbaabu alipita mlangoni kwangu, nami nilikuwa ndani. Akasimama. Akagonga ukuta wa mbao kwa kifundo cha kidole mara mbili, akangoja kama anayesikiliza, akaenda zake. Alirudi kwao, akawa anatengeneza majiko ya makaa na kuziba sufuria za watu. Januari Gitonga akanituma nikafungua gereji ya Embu. Watu wa miraa wakaleta magari, kutoka Meru hadi huku chini, wakiuliza yule mwanamke wa venti. Nilikuja kuinunua gereji hiyo kwa Gitonga. Kila paa nililokata lilianzia kwenye lile.

Siku ya mazishi nilifika mapema, na Mama Kendi akatuma mtu aniite jikoni, nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wamepanga masufuria juu ya moto. Amezeeka, lakini mwiko bado anaushika yeye. Akawaambia wengine watoke kidogo. Nilianza, "Mama Kendi, kuna jambo nataka kusema juu ya—" akanikatiza. "Najua. Aliniambia jioni ileile." Akaendelea kukoroga. "Alisema blade ikigonga ubavu inalia tofauti, na mtu asiyejua anasimama aangalie ni nini. Wewe hukusimama. Uliongeza nguvu." Nilimuuliza kwa nini basi hakusema. Akanitazama mara ya kwanza. "Aseme nini? Yeye ndiye alichora. Sheria ilikuwa yake. Na sikio lake halikuchoka, Wawira. Hata Jumapili iliyopita, akiwa kitandani, gari ilipita huko barabarani akasema bearing ya nyuma imekufa." Nikalia, na akaniacha nilie, hakunipa hata kitambaa. Nikamwambia nikiitwa nitasema yote. "Hapana," akasema. "Hakukusamehe, na mimi pia bado. Usikuje kutua mzigo wako juu ya jeneza lake mbele ya watoto wangu. Ulibeba miaka yote hii. Beba."

Basi nilipoitwa nilikusudia kutii. Nilisimama mbele ya hema, nikashika kipaza sauti, nikasema kwamba Fundi Mbaabu alinifundisha kazi, kwamba alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Nikaongeza kitu kimoja tu, kwa sababu hicho kilikuwa chake na si changu. "Kuna watu hapa walioambiwa sikio lake lilichoka," nikasema. "Halikuchoka. Walidanganywa." Nilitaka kuishia hapo. Lakini safu ya mbele, chini ya kofia ya sufi, mzee mmoja mwenye bakora aliinua kichwa, na alipofungua mdomo nilimtambua kwa sauti. Ni Baariu. "Walidanganywa na nani?" akauliza. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kujua. Watu wakageuka. Kule nyuma Mama Kendi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na mwiko mkononi, akatikisa kichwa mara moja, kunikataza. Mara ya pili katika maisha yangu nilikuwa nimeulizwa swali la wazi kuhusu paa lile.

"Na mimi," nikasema. "Mkono wangu uliugusa ule ubavu kutoka ndani. Aliniuliza kama ni sawa, nikamwambia sawa."

Sikumaliza dakika tano. Kendi alinipokonya kipaza sauti, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, na tangu siku hiyo hajaniita Auntie, wala hajaniita kwa jina lolote. Baada ya kaburi kufunikwa, watu walipanga foleni ya chakula na mimi nikaenda nyuma kabisa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama karibu nami. Nilipofika mbele, Mama Kendi mwenyewe ndiye aliyekuwa anapakua. Githeri ilikuwa bado nyingi sufuriani, viazi vinaonekana juu. Akazamisha mwiko mpaka chini, akakwangua, akaniwekea ukoko kwenye sahani, akabaki ananiangalia. Nikala nimesimama, pale pale mbele yake, mpaka sahani ikabaki tupu.